PENSELI KABLA YA SPANA: Jinsi ya Kufufua Pikipiki Kuukuu kwa Fedha Kidogo

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Kiongozi wa kikundi awe na ubao, chaki na rula. Kila mwanafunzi awe na daftari na penseli.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na daftari zi wazi mbele yenu. Kiongozi wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: PENSELI, na chini yake, SPANA. Katika somo la leo tutaona kwa nini neno la kwanza limekaa juu ya la pili.

Leo tunazungumza juu ya pikipiki kuukuu. Katika vijiji na miji yetu ziko pikipiki nyingi zilizolala. Moja iko nyuma ya ghala la ushirika, nyingine chini ya mwembe, nyingine imeegemea ukuta wa jikoni na kuku hutaga juu ya kiti chake. Mwenyewe amehama, au amefariki, au siku moja ilikataa kuwaka na fedha ya fundi haikuwapo. Mwaka ukapita, kisha ikapita miaka kumi.

Je, pikipiki kama hiyo yaweza kufufuliwa na mtu mwenye fedha kidogo? Mara nyingi yaweza. Lakini watu wengi hujaribu wakashindwa, na si kutu iliyowashinda. Wameshindwa kwa sababu walinunua bila mpango: leo taa, kesho kiti kipya, kesho kutwa rangi. Fedha ikaisha, na injini bado imekwama. Wazee wamesema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Tena wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuchukue mfano utakaotusaidia mpaka mwisho wa somo. Tuseme kuna mama mjane. Mume wake alikuwa bwana shamba, akaacha Honda CG125 ya miaka ya 1980. Imekaa miaka kumi chini ya upenu. Mnunuzi wa chuma chakavu amekuja na mizani yake, anataka kuichukua kwa kilo. Kijana wa mama anasema, "Mama, tusiiuze. Tuipake rangi nyekundu, itapendeza." Mama ana shilingi 400,000 za karanga alizouza. Zikipotea, hapana nyingine mpaka mavuno yajayo. Afanye nini?

1. KIJUENI CHOMBO CHENU

Kabla ya kufungua nati moja, jueni chombo chenyewe. Nimechagua Honda CG125 kwa sababu ni ya zamani, na vipuri vyake bado vinapatikana kwa bei ndogo. Sababu yake ni hii.

Katika miaka ya 1970, kampuni ya Honda ya Japani ilitaka kutengeneza pikipiki ya kuuzwa katika nchi ambazo barabara ni mbaya, mafundi ni wachache, na watu huchelewa kubadili oili. Pikipiki nyingi za Honda za wakati ule zilikuwa na mnyororo mwembamba ndani ya injini, unaopanda mpaka juu kuendesha valvu. Wahandisi waliuacha mtindo huo. Badala ya mnyororo waliweka vijiti viwili vya chuma vinavyosukuma valvu. Vijiti havilegei kama mnyororo, tena huvumilia kusahauliwa. CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976.

Baadaye viwanda vingi vya Uchina vilifuata muundo huo huo. Ndiyo maana injini nyingi za bodaboda za Kichina mnazoziona leo ni kama wajukuu wa CG125, na plagi, ringi au gasketi yapatikana mpaka katika maduka ya njia panda. Lakini angalieni! Si kila bodaboda ni mjukuu wa CG. Bajaj Boxer, kwa mfano, ina muundo wake. Na hata kwa ndugu wa damu, vipimo hutofautiana. Basi shikeni kanuni hii: msiende dukani kwa maneno matupu. Chukueni kipuri cha zamani mkononi, kiwekeni kando ya kipya, mlinganishe, ndipo mlipe.

Sasa tufanye hesabu. Silinda ya CG125 ina upana wa milimita 56.5, na pistoni hupanda na kushuka milimita 49.5. Tuzigeuze kuwa sentimita: 5.65 na 4.95. Nusu ya upana ni 2.825. Zidisha 2.825 kwa 2.825, utapata karibu 7.98. Zidisha kwa 3.14, utapata karibu 25.06. Mwisho zidisha kwa 4.95.

(Hapa wanafunzi wapewe dakika tatu za kufanya hesabu.)

Mmepata ngapi? Jibu ni karibu sentimita za ujazo 124. Watengenezaji wakaikuza kidogo wakaiita 125. Hesabu hii ina faida gani? Ni hii: mwuzaji akikupa pistoni iliyoandikwa 62, wajua si yako, hiyo ni ya injini kubwa zaidi, ya 150. Yako ni 56.5. Na ukiona imeandikwa 0.25 au 0.50, maana yake imeongezwa unene kwa sehemu hiyo ya milimita, na itafaa tu kama silinda imechongwa kwa kipimo hicho. Mtu asiyesoma tarakimu atarudi nyumbani na pistoni isiyoingia, au inayocheza ndani ya silinda kama kokoto kwenye kopo.

2. KARATASI KWANZA

Mama yetu asinunue kitu bado. Achukue kitambaa chenye mafuta ya taa, afute tope kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Hapo ataona namba imegongwa katika chuma. Hiyo ni namba ya fremu. Afute pia ubavu wa injini, chini ya silinda, aione namba ya injini. Aziandike zote mbili katika daftari, herufi kwa herufi. Kisha alinganishe na kadi ya usajili.

Namba zikilingana, vizuri. Zisipolingana, asimame hapo hapo mpaka ajue sababu. Mtu aweza kutumia fedha yake yote kufufua pikipiki, kisha ikachukuliwa barabarani kwa kuwa haijulikani ni ya nani.

Tena kadi ya mama bado ina jina la marehemu. Jambo hilo hupitia kwa msimamizi wa mirathi, ndipo jina libadilishwe. Kwa Tanzania Bara aulize ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwa Kenya aulize NTSA. Aulize pia kama kuna ada au deni la zamani, na ajibiwe kabla ya kununua hata plagi.

3. JE, MOYO UNGALI HAI?

Karatasi zikiwa safi, tutazame injini. Hapa kijana ana haraka, anataka kupiga kiki. Mama amzuie. Injini iliyolala miaka kumi imekauka ndani. Ringi za pistoni zimeshikana na ukuta wa silinda. Ukipiga kiki kwa nguvu, ringi huvunjika au ukuta hukwaruzwa, na kazi ya shilingi elfu chache hugeuka kuwa kazi kubwa.

Fanyeni hivi. Kwanza pulizeni au pigeni brashi mchanga uliozunguka plagi, usije ukaanguka ndani. Fungueni plagi. Mimineni ndani ya tundu lake oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Acheni ilale usiku mzima, na ikiwa imekwama, siku tatu au nne. Kisha ingizeni gia ya juu, mkalisukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma, polepole, kwa mikono. Likizunguka, na pistoni ikapanda na kushuka, moyo ungali hai. Likikataa, ongezeni oili, ngojeni tena. Msipige nyundo.

Injini ikizunguka, mtu mmoja azibe tundu la plagi kwa kidole gumba, mwingine asukume kiki polepole. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, ringi na valvu zinashika hewa. Pumzi ikiwa hafifu, msikate tamaa. Ringi zilizolala mara nyingine huamka baada ya injini kuzunguka kidogo. Isipoamka, ndipo fundi afungue silinda.

Mwisho, fungueni nati ya chini, oili ya zamani iingie katika beseni. Oili nyeusi si ajabu. Lakini ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vipande vya chuma vinavyometa, kuna kitu kimevunjika ndani. Mwiteni fundi atazame kabla hamjatumia senti nyingine. Oili chafu msiimwage kisimani wala shambani. Itieni katika dumu, mwiulizie gereji inayoipokea.

4. FUNGUENI BILA KUPOTEZA

Sasa tafuteni makopo matupu. Kila sehemu mnayofungua, skrubu na nati zake zitiwe katika kopo lake, na juu ya kopo mwandike: KABURETA. BREKI YA MBELE. TAA. Kabla ya kutoa waya za umeme, andikeni: "waya wa kijani umekwenda hapa, mweusi umekwenda pale." Mwenye simu ya kupiga picha na apige. Lakini simu huisha chaji, daftari haliishi.

Kazi hii haina gharama, nayo huokoa fedha nyingi. Nati ikipotea, utanunua nyingine. Waya ukikosewa, utaunguza kitu. Fundi akikuta sehemu zote zina majina, kazi ya siku mbili huimaliza kwa siku moja, nawe utamlipa siku moja.

5. CHECHE NA PETROLI

Injini ya petroli yataka mambo matatu: pumzi, cheche na petroli. Pumzi tumekwisha kuipima.

Kwa cheche, someni kwanza tarakimu kwenye betri ya zamani au kwenye balbu ya taa. CG za zamani zilikuwa za volti 6. Za baadaye zilikuwa za volti 12. Ukiweka balbu ya volti 6 katika pikipiki ya volti 12, itaungua mara moja. Kosa hili hutokea kila siku, nalo huondolewa kwa kusoma tarakimu moja.

Plagi mpya ya CG125 huandikwa D8EA, na mwanya wake ni milimita 0.6 mpaka 0.7. Kama pikipiki yenu ni ya platini, yaani vile vidole viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga, visugueni kidogo kwa tupa nyembamba, kisha vifuteni kwa karatasi safi. Mara nyingi ukungu mdogo tu juu ya platini ndio ulioizuia pikipiki kuwaka miaka yote hiyo.

Kisha tangi. Petroli ya miaka kumi si petroli tena. Huacha ulimbo wenye harufu ya rangi ya zamani. Imwageni ya zamani katika chombo chenye kifuniko, mbali na nyumba. Ondoeni koki ya chini, mzibe tundu. Kama kuna kutu ndani, tieni siki, iache siku moja au mbili. Imwageni, kisha mtie kipande cha mnyororo mwembamba na maji kidogo, mtikise. Suuzeni kwa maji yenye magadi, halafu kwa maji safi, kaukisheni juani upesi, na mpake oili ndani ili kutu isirudi. Kazi yote hii ni bei ya chupa chache za siki.

Kabureta ifunguliwe juu ya sahani nyeupe, ili vidude vyake visipotee. Ndani yake kuna jeti, skrubu ndogo za shaba zenye tundu jembamba sana. Zikiziba, zilowesheni katika petroli na mzipulize kwa pampu ya baiskeli. Msitie waya wala sindano. Tundu lile limepimwa kiwandani. Ukilipanua kidogo tu, pikipiki itakunywa petroli kama ngamia aliyetoka jangwani, na utailipa hasara hiyo kila siku.

Na hapa nasema kwa sauti kubwa: kazi ya petroli ifanyike nje, mchana, mbali na jiko, kibatari na sigara. Wekeni karibu ndoo ya mchanga mkavu. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji, maji huutawanya.

6. BREKI NA TAIRI HAZINGOJI

Watu wengi husikia injini ikilia wakadhani kazi imekwisha. Wanapanda, wanashuka mlima, na breki hazishiki. Pikipiki isiyowaka haimwui mtu. Pikipiki inayowaka lakini haisimami ndiyo inayoua.

Breki za CG za zamani ziko ndani ya ngoma ya gurudumu. Ndani mna vipande viwili vya upinde, mafundi huviita breki shuu, vyenye utando wa kusugua. Utando wa zamani huachana na chuma chake, hata kama bado unaonekana mnene. Kwa hiyo pikipiki iliyolala miaka kumi inunuliwe breki shuu mpya mbele na nyuma. Vumbi la breki za zamani msilipulize, maana breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto hudhuru mapafu. Lifuteni kwa kitambaa chenye maji, kisha mtupe kitambaa hicho.

Waya ya breki ya mbele ikikatika uzi mmoja tu, ibadilishwe. Kamba hukatikia pembamba.

Tairi nazo zina barua yao. Tazameni ubavuni, tafuteni tarakimu nne zilizo pamoja ndani ya duara refu. Mfano: 2319. Maana yake tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mkikuta tarakimu tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000. Haidhuru iwe na meno mazuri kiasi gani, mpira umekwisha kufa. Soma pia tarehe hiyo unaponunua tairi dukani, usiuziwe ya zamani kwa bei ya mpya.

7. HESABU YA MAMA

Sasa mama anakaa mezani na penseli. Amezunguka maduka matatu, ameuliza bei, ameziandika. Bei nitakazosoma ni za kufanyia hesabu tu. Za kwenu mtaziuliza wenyewe. Kiongozi, andika ubaoni:

Plagi: 5,000
Oili ya pikipiki, lita 1: 12,000
Petroli ya majaribio, lita 2: 6,000
Siki, msasa, mafuta ya taa: 10,000
Gasketi na jeti za kabureta: 10,000
Breki shuu, mbele na nyuma: 16,000
Waya za breki, klachi na petroli: 15,000
Tairi 2 na mipira ya ndani 2: 130,000
Betri: 30,000
Fundi, siku moja: 30,000
Kofia ngumu: 35,000

(Wanafunzi wajumlishe.)

Jumla ni 299,000. Toa katika 400,000. Zinabaki 101,000. Robo ya 400,000 ni 100,000. Basi mama ana akiba ya robo, na kidogo juu yake. Hiyo ni kanuni njema: usianze kazi ya kitu cha zamani bila kuacha robo ya fedha yako pembeni. Kitu cha zamani huficha ugonjwa wake mpaka ukifungue.

Na kweli, fundi anapofungua kifuniko cha cheni, anakuta cheni imelegea na meno ya sprokiti yamechongoka kama meno ya papa. Cheni na sprokiti zote mbili ni 40,000. Zinabaki 61,000.

Sasa kijana anarudi tena na neno lake: "Mama, rangi ni 60,000 tu. Fedha ipo." Ni kweli, fedha ipo. Lakini mama anafungua daftari na kumwonyesha mstari mmoja: BIMA. Pikipiki bila bima haina ruhusa ya kuingia barabarani. "Mwanangu," mama anasema, "rangi itangoja. Siku pikipiki itakapoleta fedha yake yenyewe, itajinunulia rangi."

Hayo ndiyo mafundisho ya somo zima. Kijana hakukosea kupenda rangi; kila mtu hupenda kitu kizuri. Lakini fedha ndogo hujua kufuata foleni. Karatasi mbele, injini baada yake, breki na tairi, kisha bima na kofia, na mwisho kabisa ndiyo rangi. Kwa sasa kijana apewe msasa na oili, asugue kutu kwenye fremu, apake oili kidogo ili kutu isiendelee. Jasho lake halina bei dukani.

8. MPAKA WA KUSIMAMA

Lakini, ndugu zangu, si kila pikipiki inafaa kufufuliwa. Kabla ya kuanza, andikeni katika ukurasa wa kwanza mambo yatakayowafanya msimame. Mimi ningeandika haya manne: kwanza, karatasi hazipatikani kwa njia ya halali. Pili, fremu imepinda au imeliwa na kutu mpaka tundu. Tatu, ganda la chini la injini limepasuka. Nne, hesabu imepita bei ya kununua pikipiki nzima ya aina hiyo inayotembea.

Mkifika kwenye moja ya hayo, simameni. Msiseme, "Nimekwisha kutumia nyingi, haifai kuacha sasa." Fedha iliyokwenda haiongezi thamani ya ile iliyobaki mfukoni. Na hata hapo, kama pikipiki ina karatasi zake, msikimbilie mizani. Kabureta nzima, tangi zuri, taa na magurudumu yana bei yake kwa mtu anayefufua pikipiki kama yenu. Ulizeni kwanza. Mwenye mizani hulipa uzito tu.

9. SIKU YA KUIWASHA

Siku imefika. Pikipiki iwe nje, wala si ndani ya chumba. Moshi wa injini katika chumba kilichofungwa huua, na hewa hiyo yenye sumu haina harufu. Oili mpya imo, kama lita moja. Ipimeni kwa kijiti chake. Oili iwe ile iliyoandikwa ya pikipiki, kwa maana oili hiyo hiyo hulainisha injini, gia na klachi. Fundi awe amekwisha kupima mwanya wa valvu, injini ikiwa baridi: milimita 0.08, karibu unene wa karatasi ya daftari. Lakini apime kwa kipimo cha chuma, si kwa karatasi.

Fungueni koki, ngojeni kidogo, tazameni kama kuna mahali panapovuja. Kisha kiki. Itatoa moshi wa oili mliyomimina, usiwatishe, utakwisha. Baada ya kuwaka, msipande bado. Izimeni, muisukume kwa mikono na kujaribu breki ya mbele, kisha ya nyuma. Zikishika, mtu mwenye leseni, amevaa kofia, aiendeshe polepole uwanjani. Jioni kazeni nati zote. Na baada ya safari chache za kwanza, mwageni oili ile hata kama bado ni mpya, maana imeosha uchafu wa miaka kumi. Andikeni tarehe ya kuibadili.

Basi, ndugu zangu, spana yaweza kuazimwa kwa jirani. Fundi aweza kuitwa. Lakini kuzisoma tarakimu zilizo kwenye tairi, kwenye betri na kwenye kadi, na kuijua hesabu ya fedha yako mwenyewe, huwezi kuyaazima. Hayo mnayapata hapa darasani, jioni hata jioni. Ndiyo maana penseli imekaa juu ya spana.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUANDIKA MARA TATU

fremu, injini, silinda, pistoni, plagi, kabureta, breki, akiba, usajili, bima

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Kwa nini mama alimzuia kijana asipige kiki siku ya kwanza?
2. Tairi imeandikwa 0822. Ilitengenezwa lini?
3. Mtu ana shilingi 260,000. Aweke akiba ya robo. Abaki na ngapi za kutumia?
4. Kati ya rangi na bima, mama alichagua nini? Je, ninyi mngechagua nini? Toeni sababu.
5. Je, katika kijiji au mtaa wenu iko pikipiki iliyolala? Kwa ruhusa ya mwenyewe, nendeni watu wawili wawili, msome namba ya fremu na tarehe za tairi, mziandike, mzilete darasani.